Utaifa wa Waislamu katika India ya Kikoloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Agosti, India na Pakistan zinapoadhimisha uhuru, maswali yaleyale hurudi: Pakistan ilitokana na nini? Ni dini, ni njama za Mwingereza, au ni tamaa ya mtu mmoja aitwaye Jinnah? Haya hapa ni majibu ya maswali yanayojirudia zaidi. Tuwekane sawa kwanza: humu Wahindi ni watu wa India wa dini zote, na Wahindu ni wafuasi wa dini ya Kihindu. Anayechanganya hayo mawili hawezi kuielewa historia hii.

Utaifa wa Waislamu ni kitu gani hasa?

Ni dai kwamba Waislamu wa India si wafuasi wa dini tu waliotawanyika katika nchi, bali ni taifa zima lenye haki za kisiasa kama taifa, pengine hata haki ya kuwa na dola lake. Dai hili si sawa na uchaji Mungu. Mtu aliweza kuswali sala tano na akalipinga vikali, na mwingine asiyejulikana kwa ibada akawa kiongozi wake mkuu. Yote mawili yalitokea.

Kwani Waislamu na Wahindu hawakuwa na uhasama tangu zamani?

Ugomvi ulikuwepo, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini mkulima Mwislamu wa Bengal mashariki alikuwa karibu zaidi na jirani yake Mhindu, kwa lugha, chakula na hata baadhi ya mila, kuliko alivyokuwa na mwungwana Mwislamu wa Delhi aliyezungumza Kiurdu na kusoma mashairi ya Kiajemi. Ndani ya Uislamu wenyewe kulikuwa na Masunni, Mashia, Ismailia, masharifu waliojinasibisha na Uarabuni na watu wa kazi za mikono ambao masharifu hao hawakukubali kuwaoza binti zao. Wazo kwamba hao wote ni kundi moja lenye maslahi mamoja ya kisiasa halikuwepo mwaka 1800. Mwaka 1946 lilishinda uchaguzi. Kilichotokea katikati ndicho cha kueleza.

Kwa nini mwaka 1857 unatajwa kila mahali?

Kwa sababu mwaka huo askari wa Kihindi wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala nchi, waliasi, na walipofika Delhi wakamwendea mfalme mzee wa Kimoghuli, nasaba ya Kiislamu iliyotawala India kabla ya Waingereza, Bahadur Shah Zafar, awe alama yao. Walioasi walikuwa Wahindu na Waislamu pamoja. Waingereza waliposhinda, walimshitaki mzee huyo, wakampeleka uhamishoni Rangoon, naye akafia huko mwaka 1862. Utawala wa Kampuni ukafutwa mwaka 1858, nchi ikawa mali ya malkia.

Maofisa wengi wa Kiingereza waliwatazama Waislamu kama wachochezi wakuu, maana ndio walionyang'anywa ufalme. Kwa familia za Kiislamu za Delhi na Lucknow, zilizoishi kwa kazi za dola, mashamba ya urithi na hadhi ya ikulu, pigo lilikuwa zito. Ila jihadhari na hadithi inayosema Waislamu wote wa India walididimia siku ile. Katika majimbo ya kaskazini, yaliyo sehemu ya Uttar Pradesh ya leo, Waislamu walikuwa kama asilimia 14 ya watu, lakini miaka 30 baadaye bado walishika kazi za serikali kwa kiwango kikubwa mno kuliko idadi yao. Maskini wa kweli walikuwa Bengal, na wale hawakuwahi kuwa mabwana chini ya Wamoghuli pia. Kwa hiyo waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliokuwa na cha kupoteza. Mengi yaliyofuata yanaanzia hapo.

Sir Syed Ahmad Khan alikuwa kibaraka wa Waingereza?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na vijana. Alizaliwa Delhi mwaka 1817, akawa hakimu katika utumishi wa Kampuni, na wakati wa maasi aliwaokoa Waingereza huko Bijnor. Baadaye alipewa cheo cha Sir. Ukiishia hapo, jibu ni rahisi. Lakini mtu huyohuyo aliandika kijitabu akiwaambia watawala wazi kwamba maasi yalisababishwa na serikali yenyewe, kwa kuwaweka Wahindi nje ya mabaraza yake na kuwadharau. Kibaraka haandiki hivyo wakati watu wananyongwa.

Hesabu yake ilikuwa hii: Mwingereza haondoki leo wala kesho, elimu ya Kiingereza ndiyo njia ya kazi, na Waislamu wanachelewa. Mwaka 1875 akaanzisha shule huko Aligarh iliyokua kuwa chuo, na mwaka 1920, yeye akiwa amekwisha kufa, ikawa chuo kikuu. Wahindu nao walisoma pale.

Chama cha Congress, chama cha kisiasa cha Wahindi wa dini zote, kilipoanzishwa Bombay mwaka 1885 na kuanza kudai mabaraza ya kuchaguliwa na mitihani ya wazi ya kazi za serikali, Sir Syed alikipinga. Katika hotuba zake za Lucknow mwaka 1887 na Meerut mwaka 1888 hoja ilikuwa nyepesi: kura zikihesabiwa kichwa kwa kichwa, Mhindu atashinda daima, mitihani ikiwa ya wazi, Mbengali aliyesoma mapema atachukua kila kiti. Ndani yake kuna kiburi cha mwungwana asiyetaka kuketi chini ya mtoto wa karani. Ndani yake pia kuna swali halali ambalo Congress haikuwahi kulijibu vizuri: katika demokrasia ya wingi, walio wachache daima wanalindwa na nini? Na tusisahau kwamba si Waislamu wote waliomfuata. Rais wa mkutano wa Congress wa mwaka 1887 alikuwa Badruddin Tyabji, Mwislamu wa Bombay.

Lugha iliingiaje katika siasa?

Kupitia mlango wa mahakama. Kiajemi kilifutwa kuwa lugha ya mahakama na ofisi katika miaka ya 1830, na kaskazini Kiurdu kikachukua nafasi yake, kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu na Kiajemi. Toka mwaka 1867 Wahindu wa Banaras walianza kudai Kihindi kwa hati za Devanagari. Mwaka 1900 serikali ya jimbo ikaruhusu Devanagari katika mahakama na maombi rasmi. Sokoni, lugha hizo mbili zinaelewana kwa kiasi kikubwa. Lakini aliyesomea hati moja hakuweza kuwa karani wa hati nyingine, na ukarani ulikuwa mkate wa familia nyingi. Kuanzia hapo Kiurdu kikawa bendera ya Waislamu, hata kwa wale ambao hawakukizungumza nyumbani.

Sensa ina kosa gani? Si ni kuhesabu watu tu?

Sensa ya kwanza ya nchi nzima ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1870, kisha kila baada ya miaka 10 kuanzia 1881. Kila mtu alipaswa kuwekwa katika dini moja. Matokeo ya Bengal yaliwashangaza hata maofisa: karibu nusu ya watu ni Waislamu, na mashariki ndio wengi. Tangu siku hiyo kila jamii ilijua idadi yake na ya jirani, na kila miaka 10 ikatazama nani ameongezeka. Serikali iligawa kazi na viti kwa kuangalia majedwali hayo. Hapo ndipo "wengi" na "wachache" walipopata miili.

Upande wa Wahindu nao haukulala. Arya Samaj, chama cha kurekebisha dini ya Kihindu, ilianzishwa mwaka 1875, vyama vya kulinda ng'ombe vikaenea, na mwaka 1893 kukawa na ghasia za damu. Anayesema Waislamu ndio peke yao walioanza kujipanga kwa dini anasoma nusu ya kitabu.

Muslim League ilianzaje, na Aga Khan aliingiaje?

Mwaka 1905 Lord Curzon, Makamu wa Mfalme wakati huo, aliigawa Bengal vipande viwili. Kipande cha mashariki, makao yake Dhaka, kikawa na Waislamu wengi. Wasomi wa Calcutta, wengi wao Wahindu, waliwaka moto: migomo, kususia bidhaa za Uingereza, na mabomu baadaye. Waislamu wenye nafasi mjini Dhaka waliona kinyume chake, kwamba kwa mara ya kwanza kuna jimbo ambalo kazi na shule zitawaelekea wao.

Katika hali hiyo London ikatangaza inafikiria kupanua mabaraza. Tarehe 1 Oktoba 1906 ujumbe wa Waislamu 35, wengi wao mamwinyi wenye ardhi, ulipanda Simla kumwona Makamu wa Mfalme, Lord Minto. Kiongozi wake alikuwa Aga Khan III, Sultan Muhammad Shah, kijana wa miaka 28, imamu wa Ismailia ambaye wasomaji wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kutambulishwa kwake. Waliomba Waislamu wachague wawakilishi wao wenyewe, tena kwa idadi iliyozidi hesabu ya vichwa, kwa kuzingatia hadhi yao ya kihistoria. Minto alikubali papo hapo kwa kanuni. Mwezi Desemba mwaka huohuo, mjini Dhaka, kwa ukarimu wa Nawab Salimullah, All-India Muslim League ikazaliwa. Sheria ya mabaraza ya mwaka 1909 ikaweka rasmi madaftari tofauti ya wapiga kura.

Kwa hiyo ni wagawe uwatawale?

Ndiyo, lakini si hivyo tu. Mkuu wa chuo cha Aligarh, Mwingereza, alisaidia mawasiliano kabla ya safari ya Simla, na miaka baadaye Mohammad Ali (si Jinnah, bali yule wa Khilafat tutakayemwona chini), aliyehudhuria mkutano wa Dhaka, aliuita ujumbe ule onyesho lililoagizwa. Minto alifurahi kupata kundi la kuipunguza nguvu Congress. Lakini waliopanda Simla walikuwa na hofu zao halisi, walizoziandika miaka 20 kabla. Mwingereza hakuizua hofu ile, aliipa sheria.

Na sheria ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Fikiria mgombea Mwislamu katika daftari tofauti: wanaompigia kura ni Waislamu peke yao, na wapinzani wake ni Waislamu wenzake. Hana sababu ya kumbembeleza Mhindu hata mmoja. Anashinda kwa kuthibitisha kwamba yeye ni mtetezi mkali zaidi wa Waislamu kuliko mwenzake. Rudia hivyo kwa miaka 38. Maoni yangu ni kwamba ukitafuta mzizi mmoja mnene kuliko mingine, ni huu.

Mwaka 1911 mfalme alipokuja Delhi akafuta mgawanyo wa Bengal bila kuwauliza Waislamu waliokuwa wakiutetea. Waaminifu wa Dhaka walijifunza kwamba utii haulipwi, na kizazi kipya ndani ya League kikaanza kutafuta urafiki na Congress.

Ni kweli Jinnah alikuwa mtetezi wa umoja?

Kweli kabisa. Muhammad Ali Jinnah alizaliwa Karachi katika familia ya Khoja, akasomea uwakili London, akaingia Congress. Mwaka 1906, wakati Aga Khan yuko Simla, Jinnah alikuwa upande wa pili akipinga madaftari tofauti. Kinachochekesha ni kwamba kiti chake cha kwanza katika baraza kuu alikipata kupitia kura hizohizo za Waislamu wa Bombay. Alijiunga na League mwaka 1913 bila kuiacha Congress, na mwaka 1916 alisaidia kufikia Mapatano ya Lucknow: Congress ikakubali madaftari tofauti na theluthi moja ya viti vya kuchaguliwa vya baraza kuu kwa Waislamu, nao wote wakadai kujitawala kwa pamoja. Aliondoka Congress mwaka 1920, Gandhi alipoigeuza kuwa harakati ya umma. Jinnah, mtu wa suti na vifungu vya sheria, hakuupenda ule mchanganyiko wa dini na mtaa.

Vuguvugu la Khilafat lilikuwa la kitaifa au la kidini?

Yote mawili, na ndiyo maana linachanganya watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waislamu wa India walihofia Waingereza wangeivunja dola ya Uthmaniya na kumnyang'anya khalifa ulinzi wa miji mitakatifu. Ndugu wawili, Mohammad Ali na Shaukat Ali, pamoja na maulamaa, wakaongoza vuguvugu kubwa kuanzia 1919. Gandhi aliliunga mkono kwa moyo wote, na kwa miaka michache Wahindu na Waislamu waliandamana bega kwa bega, jambo ambalo halikuonekana tena kwa ukubwa ule. Mwaka 1920 maelfu waliuza mali zao na kuhama kwenda Afghanistan wakiita safari ile hijra. Wengi walirudi mikono mitupu, na baadhi walifia njiani.

Mwaka 1921 Wamapila, Waislamu wa Malabar kusini-magharibi mwa India, waliasi dhidi ya serikali na wenye ardhi wa Kihindu, na habari za mauaji na kusilimisha watu kwa nguvu ziliharibu imani. Februari 1922 Gandhi alisimamisha mgomo wake wa kutoshirikiana na serikali baada ya polisi kuchomwa moto katika mji mdogo wa Chauri Chaura. Mwisho, tarehe 3 Machi 1924, Waturuki wenyewe wakaufuta ukhalifa. Vuguvugu likabaki bila cha kutetea. Lakini lilikuwa limewafundisha watu wa kawaida, wauza nyama na wafumaji, kuandamana kama Waislamu wa India nzima. Mazoea hayo hayakufutwa pamoja na ukhalifa.

Maulamaa ndio walioleta Pakistan?

Hili ndilo jibu linalowashangaza wengi: hapana, na wengi wao waliipinga. Chuo cha Deoband, kilichoanzishwa 1866 kwa michango ya waumini bila fedha ya serikali, kilikuwa na chuki ya muda mrefu dhidi ya Mwingereza. Jamiat Ulama-i-Hind, chama chao cha mwaka 1919, kilisimama na Congress. Husain Ahmad Madani alitetea kwamba Waislamu na Wahindu wa nchi moja wanaweza kuwa taifa moja bila dini kudhurika, na mwaka 1938 alijibizana kwa ukali na mshairi Iqbal juu ya jambo hilo. Abul Kalam Azad, mwanachuoni wa tafsiri ya Kurani, alikuwa rais wa Congress kuanzia 1940 hadi 1946. Hata Maududi, aliyeanzisha Jamaat-i-Islami mwaka 1941, aliwadharau viongozi wa League kama watu wasioujua Uislamu.

Dini iliingia kwa nguvu mwishoni. Mwaka 1945 Shabbir Ahmad Usmani, naye wa Deoband, alijitenga na wenzake akaunga mkono Pakistan, na masheikh wa tarika wenye murid wengi vijijini Punjab na Sindh wakafanya vivyo hivyo. Wanasiasa wa mijini walikuwa wamegundua kwamba bila hao kijiji hakifunguki.

League ilishindwa vibaya mwaka 1937. Ilifufukaje?

Katika uchaguzi wa mwaka 1937 ilipata chini ya robo ya viti vya Waislamu. Huko Punjab ilipata viti 2, na katika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, haikupata hata kimoja. Waislamu wa majimbo walikokuwa wengi walikuwa na vyama vyao vya mikoa na hawakuona haja ya kuokolewa.

Congress ikaunda serikali katika majimbo mengi, na kaskazini ikaikatalia League ubia isipokuwa ijimeze ndani yake. Wimbo wa Bande Mataram, unaoisifu nchi kama mungu wa kike wa Kihindu, mashuleni na mipango ya elimu yenye harufu ya Kihindu vikawa malalamiko ya kila siku. Mengine yalitiwa chumvi, lakini hofu ya Sir Syed sasa ilikuwa na sura ya mkuu wa wilaya. Mwaka 1939 Congress ilijiuzulu kupinga kuingizwa vitani bila kuulizwa, na Waingereza, wakihitaji mshirika wakati wa vita, wakaanza kumchukulia Jinnah kama msemaji wa Waislamu wote.

Nani aliibuni Pakistan?

Watatu hutajwa. Iqbal, Desemba 1930 huko Allahabad, alisema anatamani Punjab, Sindh, Baluchistan na jimbo la mpaka ziunganishwe kuwa dola moja, Bengal hakuitaja. Choudhry Rahmat Ali, mwanafunzi wa Cambridge, alilitoa jina mwaka 1933 katika kijitabu ambacho wanasiasa wengi walikiona mzaha. Na League yenyewe, Lahore, Machi 1940, ilipitisha azimio lililowasilishwa na Fazlul Huq wa Bengal, likidai dola huru kaskazini-magharibi na mashariki. Azimio halina jina Pakistan, wala halisemi wazi kama ni dola moja au zaidi. Utata ule ulikuwa na faida: mwenye shamba wa Punjab, karani wa Lucknow na mkulima wa Bengal kila mmoja alijaza ndoto yake.

Je, mgawanyiko ulikuwa hauepukiki?

Sidhani. Katika uchaguzi wa 1945 hadi 1946 League ilichukua viti vyote 30 vya Waislamu katika bunge kuu na vingi sana vya majimbo, ingawa kura ilikuwa ya wenye mali, kodi au elimu tu. Pamoja na ushindi huo, Juni 1946 Jinnah alikubali mpango wa mawaziri wa Uingereza wa kuwa na India moja yenye serikali kuu dhaifu na makundi matatu ya majimbo. Congress ilikubali kwa masharti yaliyoufanya mpango usimame kwa mguu mmoja. Julai, League ikajitoa. Tarehe 16 Agosti ikaitisha siku ya kuchukua hatua, na Calcutta ikazama katika mauaji ya maelfu. Kisha Noakhali, Bihar na Punjab. Baada ya hapo hoja za wanasheria hazikuwa na msikilizaji.

Mipaka ilichorwa na Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya Julai 1947, kwa takriban wiki tano. Watu zaidi ya milioni 10 walihama. Waliouawa hukadiriwa kuanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni moja. Makumi ya mamilioni ya Waislamu walibaki India, wakiwemo wa Aligarh na Lucknow walioipigia kelele Pakistan kuliko wengine.

Haya yalifika Afrika Mashariki?

Yalifika kwa meli, pamoja na watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni Kenya ilivigawa viti vya Wahindi katika LegCo, yaani baraza la kutunga sheria, kati ya Waislamu na wasio Waislamu, mpango uleule wa 1909. Aga Khan III naye alisimamia kuanzishwa kwa East African Muslim Welfare Society mwaka 1945, iliyojenga shule na misikiti hata kwa Waislamu Waafrika.

Upande wa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950 chama cha Waislamu cha AMNUT kilitaka uhuru usiharakishwe mpaka Waislamu wafikie wenzao kielimu, hoja ambayo Sir Syed angeitambua mara moja. Haikushika. TANU ilikuwa imejengwa kwa kiasi kikubwa na Waislamu wenyewe, akina Abdulwahid Sykes na Bibi Titi Mohamed, na Tanganyika haikuwahi kuwa na daftari la kura la Waislamu peke yao. Viti ndivyo vilivyotengwa kwa rangi.

Uhuru wa Pakistan ni tarehe 14 au 15 Agosti?

Sheria ya Uingereza inataja tarehe 15 Agosti 1947 kwa nchi zote mbili, na stempu za kwanza za ukumbusho za Pakistan ziliandikwa 15. Mountbatten, Makamu wa Mfalme wa mwisho, hakuweza kuwa Karachi na Delhi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sherehe ya Karachi ikafanyika tarehe 14. Kuanzia mwaka 1948 Pakistan husherehekea 14.